Muziki Shuleni: Somo la Wote au Pambo la Wageni?

Yako mazoea ambayo, kwa kuwa yamekaa nasi muda mrefu, hatuyaulizi tena asili yake wala faida yake. Mojawapo ni namna tunavyouchukulia muziki katika shule zetu za msingi. Mgeni akitarajiwa shuleni, awe mkaguzi, diwani au mkuu wa wilaya, mwalimu anayejulikana kwa kuimba huitwa ofisini na kuagizwa atayarishe wimbo. Mwalimu huyo hupita madarasani, husikiliza sauti mbili tatu, huchagua watoto thelathini, huwatoa vipindini kwa juma zima, na siku ikiwadia huwapanga mbele ya mgeni. Wimbo huimbwa, makofi hupigwa, mgeni huenda zake. Tangu kesho yake hakuna muziki tena shuleni mpaka mgeni mwingine apige hodi.

Nawauliza walimu wenzangu: wale mamia ya watoto waliobaki madarasani juma lile walifundishwa nini katika muziki? Wengi watajibu kwamba hawakufundishwa kitu. Mimi nasema walifundishwa jambo moja, na walilishika vizuri kuliko jedwali la kuzidisha: kwamba muziki ni wa wenzao.

Makala haya yanakusudia kutetea rai moja. Muziki ni somo la kila mtoto, na kipimo cha mwalimu wa muziki si uzuri wa kwaya yake, bali ni hali ya yule mtoto ambaye hakuchaguliwa kuingia katika kwaya hiyo. Nitaeleza kwanza jinsi tulivyofika hapa, kisha mambo ambayo mwalimu wa muziki hana budi kuyatarajia, na mwisho yale ambayo yanawezekana kufanyika hata katika shule isiyo na ala yoyote ya kununua.

1. Jinsi muziki ulivyohama kutoka kwa wote ukaenda kwa wachache

Kabla ya shule, muziki ulikuwa sehemu ya kazi, ya malezi na ya ibada. Watu waliimba walipolima, walipotwanga, walipovuta nyavu, walipombembeleza mtoto na walipomzika mzee. Wasukuma walikuwa na bugobogobo, ngoma ya majembe, ambayo mapigo yake yaliwafanya wakulima wainue na kuteremsha majembe pamoja. Katika shughuli kama hizo manju alikuwapo, naye aliheshimiwa kwa ufundi wake; lakini manju bila waitikiaji si kitu. Aliyekuwa na sauti nzuri alitangulia, na aliyekuwa na sauti ya kawaida aliitikia. Hakuna aliyeambiwa akae kando anyamaze.

Shule za misheni zilileta utaratibu mwingine. Zilileta nyimbo za sauti nne na nota za tonik solfa, yaani do, re, mi na wenzake. Nota hizo zilianzia Uingereza. Mwalimu mmoja wa kike wa mji wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyebuni msingi wake, na John Curwen, aliyeishi kati ya mwaka 1816 na 1880, akaueneza na kuukamilisha. Haifai kuudharau utaratibu huo. Kusudi la Curwen lilikuwa jema: alitaka watu wa kawaida, wasioweza kununua piano, waweze kusoma muziki. Nao ulizaa matunda katika bara letu. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao lahani yake tunaiimba leo kama Wimbo wa Taifa la Tanzania, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, na aliongoza kwaya ya wanafunzi wake. Alifariki mwaka 1905 bila kujua kwamba Tanganyika ingeuchukua wimbo wake mwaka 1961, kwamba Zambia ingeichukua lahani yake mwaka 1964, na kwamba ungeingia katika wimbo wa taifa la Afrika ya Kusini baada ya ubaguzi kuanguka. Kila asubuhi mamilioni ya watoto wetu huimba kazi ya mwalimu mwenzetu.

Hata hivyo, pamoja na nota ilikuja desturi ya kuchagua. Kwaya ilihitaji sauti safi na zilizolingana, kwa hiyo wasiolingana waliondolewa. Mashindano yalipoingia, kuchagua kulizidi, maana hakuna mwalimu anayetaka kushindwa kwa ajili ya mtoto mmoja anayepotoa sauti.

Baada ya uhuru tulitambua kwamba tumepoteza kitu. Mwezi Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza Bungeni akiwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba watoto wengi wa shule walikuwa wamefundishwa kucheza na kuimba mambo ya Wazungu, ilhali ngoma za wazee wao hawakuzijua; akatangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana. Tangu hapo ngoma zimeingia shuleni, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini tuseme kweli: tulibadilisha kinachoimbwa, hatukubadilisha nani anaimba. Mahali pa kwaya ya wachache palichukuliwa na kikundi cha ngoma cha wachache. Sindimba na lizombe, zilizochezwa na watu wa kijiji, zimekuwa maonyesho ya watoto ishirini waliovishwa kaniki na njuga mbele ya jukwaa la wageni. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi shuleni tunawatunza wanaojua kucheza tayari, na wasiojua tunawaacha vilevile walivyokuja.

2. Mtoto anayeambiwa hana sauti

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha nimekuta mara nyingi jambo lifuatalo. Mwalimu mwanafunzi wa kiume anaanzisha wimbo kwa sauti yake ya kawaida ya mtu mzima. Baadhi ya watoto wanaimba vizuri. Wengine, hasa wavulana, wanatoa sauti nzito ya kunguruma isiyofuata lahani. Mwalimu anakunja uso, anawaonyesha kwa kidole, anasema: ninyi nyamazeni, msikilize wenzenu. Kisha somo linaendelea kwa amani.

Tutazame kwa makini kilichotokea. Sauti ya mwanamume mzima iko chini ya sauti ya mtoto kwa kadiri ya ngazi nzima, yaani kutoka do hadi do ya juu yake. Mtoto mwenye sikio jepesi hulijua jambo hilo bila kuambiwa. Hupandisha lahani mahali panapolingana na koo lake. Mtoto mwingine, kwa utii, hujaribu kuiga sauti ile ile anayoisikia. Koo lake haliwezi kushuka huko, ndipo hunguruma. Mtoto huyu si kiziwi wala si mzembe. Amefanya alichoagizwa: amemfuata mwalimu. Kosa liko katika sauti ambayo wimbo ulianzishwa nayo, na dawa yake ni ya dakika moja. Mwalimu amwombe mtoto mwenye sauti safi aanzishe wimbo badala yake, au yeye mwenyewe aanzishe juu zaidi kwa sauti nyembamba, kisha wanaonguruma wasikilize na kujaribu tena polepole. Wengi watapata siku hiyo hiyo. Wengine watachukua mwezi. Wachache sana watahitaji mwaka.

Kadhalika wako wavulana wakubwa ambao sauti zao zinavunjika kwa kubalehe. Leo sauti inapanda, kesho inakatika katikati ya wimbo, na darasa zima linacheka. Mwalimu asiyejua jambo hili humtoa kijana huyo katika kuimba wakati ule hasa ambapo anahitaji kuelezwa kwamba kinachompata ni cha kawaida. Ampe sehemu ya chini yenye sauti chache, au ampe ngoma ashike mapigo, lakini asimtoe.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu madhara yake hayaishii kwa mtoto mmoja. Mtoto aliyenyamazishwa akiwa darasa la tatu hukua. Baadhi yao huja vyuoni kusomea ualimu. Tukiwauliza nani atafundisha muziki, husema kwa uhakika mkubwa: mimi sina sauti. Tukiwauliza nani aliwaambia, hukumbuka mwalimu, hukumbuka darasa, na pengine hukumbuka wimbo wenyewe. Nao wakipangiwa shule, muziki hufa katika madarasa yao, au hufundishwa kwa kuwanyamazisha wengine kama walivyonyamazishwa wao. Hivi ndivyo ukosefu wa walimu wa muziki unavyojizaa wenyewe, kizazi baada ya kizazi, nasi tunalaumu uhaba wa vitabu.

Pengine msomaji atasema kwamba kipaji hutoka kwa Mungu, na asiyepewa hawezi kupewa na mwalimu. Sikatai kwamba vipaji havilingani. Lakini hata wenye vipaji vikubwa walifunzwa. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri huko Bombay mwaka 1928 na sauti yake ikasikika pwani yote, alitoka kijijini kwao Fumba bila elimu ya darasani. Ila alipofika mjini Unguja alipata mafundi waliomfunza, naye akafunzika. Hukwe Zawose, Mgogo aliyelifikisha zeze na ilimba katika majukwaa ya dunia kabla ya kufariki mwaka 2003, alikulia katika jamii ambayo watoto husikia sauti zikipandana tangu migongoni mwa mama zao. Kama fundi anahitaji mafunzo, seuze mtoto wa kawaida?

3. Mwalimu wa muziki anatarajia nini?

Tukikubaliana kwamba somo ni la wote, hatuna budi kusema wazi tunataka kila mtoto aweze nini. Somo lisilo na shabaha iliyo wazi haliwezi kudai nafasi yake katika ratiba. Mimi napendekeza shabaha tano.

Kwanza, sikio. Mtoto ajifunze kusikiliza kabla ya kutoa sauti. Atambue sauti ya juu na ya chini, ndefu na fupi, moja na nyingi. Faida yake inavuka mipaka ya muziki. Mwalimu wa kusoma na kuandika anajua taabu ya mtoto asiyeweza kutofautisha silabi kwa sikio. Lugha yetu yenyewe inadai sikio hilo. Neno barabara, likiwa na mkazo kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Mkazo ukirudi kwenye silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Ndiyo sababu nyimbo nyingi zilizotafsiriwa kwa kufuata lahani za kigeni hutuudhi masikioni: pigo zito linaangukia silabi isiyostahili, na neno linapinda. Mtoto aliyefunzwa muziki atalisikia kosa hilo, na siku atakapotunga wimbo wake hatalirudia.

Pili, sauti. Kila mtoto aweze kuimba kwa sauti yake halisi, bila kupiga kelele na bila haya. Katika shule zetu tumezoea kudhani kwamba kuimba kwa nguvu ndiko kuimba vizuri. Mishipa ya shingo ikisimama, sauti imeumizwa tayari.

Tatu, mapigo na ushirikiano. Mtoto aweze kushika pigo lake huku mwenzake akishika lingine. Hili ndilo tunda kubwa la muziki wa Kiafrika, nalo ni somo la kuishi na watu: nisikilize unachofanya, nisiache changu, na tufike pamoja.

Nne, kusoma na kutunga. Mtoto asiwe mnywaji wa nyimbo za wengine tu. Aweze kusoma mstari mwepesi wa nota, na aweze kutunga ubeti na kuutafutia lahani. Wanafunzi wanaosoma vina na mizani katika Kiswahili wana nusu ya kazi mikononi, maana mashairi yetu yalitungwa yaimbwe. Mwalimu anayefundisha shairi kwa kulisoma tu kama taarifa ya habari ameliondolea pumzi.

Tano, urithi. Mtoto ajue nyimbo za kwao na walau chache za sehemu nyingine za nchi. Yako mambo ambayo hayakuandikwa popote. Yamo vifuani mwa bibi na babu. Bibi akifa na wimbo wake, hakuna maktaba ya kuuazima.

Shabaha hizi zinapimika. Nathubutu kupendekeza kipimo: kila mtoto anapomaliza shule ya msingi aweze kuimba nyimbo kumi kwa ukamilifu, mbili kati yake ziwe za kabila lisilo lake, aweze kushika pigo moja dhidi ya lingine, aweze kusoma kwa nota mstari mmoja asioujua, na awe ametunga wimbo mmoja pamoja na wenzake. Hiki si kipimo cha mwanamuziki. Ni kipimo cha mtu aliyepata elimu.

4. Nota na ngoma si maadui

Walimu wetu wamegawanyika pande mbili. Wako wanaoamini kwamba muziki ni nota, na asiyejua nota hajui muziki. Wako wanaoamini kwamba nota ni mabaki ya ukoloni, na ngoma yatosha. Kila upande unamnyima mtoto nusu ya haki yake.

Mfano wa Hungary wafaa kutazamwa, si kwa kuigwa nyimbo zake, bali kwa kuigwa fikira zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 Zoltán Kodály na rafiki yake Béla Bartók walizunguka vijijini wakikusanya nyimbo za wakulima, wakati ambapo wasomi wa mijini walithamini zaidi muziki wa Kijerumani. Baadaye Kodály aliingiza nyimbo hizo shuleni kwa kanuni nyepesi: chombo cha kwanza cha mtoto ni sauti yake, na wimbo wa kwanza wa mtoto uwe wa lugha ya mama yake. Kisha, ili kusomesha nyimbo hizo, wafuasi wake hawakuona haya kutumia do, re, mi na ishara za mikono za Curwen wa Uingereza. Cha nyumbani kilikuwa maudhui. Cha kigeni kilikuwa zana.

Sisi pia tufanye hivyo, ila kwa tahadhari. Ziko sauti zetu zisizokaa sawasawa katika ngazi ya do hadi do. Mwalimu akiuchukua wimbo wa Wagogo akaulazimisha ulingane na kinanda, atakuwa ameua kile kinachoufanya uwe wa Kigogo. Wimbo kama huo ufundishwe kwa sikio, kutoka kwa anayeujua, na nota ziwe kumbukumbu tu. Kwa upande mwingine, ziko nyimbo nyingi za watoto na za kazi zenye sauti tatu, nne au tano tu, ambazo hufaa sana kuwaanzishia wanafunzi usomaji wa nota.

Katika mapigo, ngoma ndiyo mwalimu na nota ni mwanafunzi. Ligawe darasa makundi mawili. Wote wahesabu moja hadi sita kwa mwendo sawa, warudie tena na tena. Kundi la kwanza lipige makofi kwenye moja na nne. Kundi la pili lipige kwenye moja, tatu na tano. Hapo mawili yanakutana na matatu, na darasa litajikuta linataka kucheza. Siku hiyo hiyo mwalimu wa hisabati anaweza kuwauliza kwa nini makundi yanakutana kila baada ya hesabu sita, nao watakuwa wamekifahamu kigawe kidogo cha shirika kwa viganja vyao kabla ya kukiona ubaoni.

5. Visingizio na majibu yake

Kisingizio cha kwanza ni ukosefu wa ala. Jibu lake ni kwamba ala ya kwanza kila mtoto anakuja nayo shuleni, nayo ni koo. Ala nyingine hutengenezwa. Bua la jani la mpapai hutoa filimbi. Matete na mbegu hutoa kayamba. Kopo na kokoto hutoa manyanga. Chupa zilizojazwa maji kwa vipimo mbalimbali hutoa ngazi ya sauti. Waya ulionyooshwa juu ya ubao ukibanwa katikati, nusu yake hutoa sauti ile ile kwa ngazi moja juu, na papo hapo tumeingia katika sayansi. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule itengeneze inachoweza kutengeneza. Sioni kwa nini jembe liwe la kujitegemea na marimba yangoje msaada.

Kisingizio cha pili ni wingi wa wanafunzi. Watoto themanini katika chumba kimoja ni mzigo mzito katika kusahihisha madaftari. Katika wimbo wa kuitikizana, themanini ni neema. Mwalimu agawe makundi matatu: moja liimbe, moja lipige mapigo, moja lisikilize na kusema lilichosikia, kisha wabadilishane. Kwa njia hiyo hakuna mtoto aliyekaa bure, na kipindi cha dakika 40 hutosha: tano za kunyoosha sauti, kumi za kurudia wimbo wa zamani, kumi na tano za wimbo mpya au nota mpya, na kumi za kutunga au kucheza.

Kisingizio cha tatu ni mtihani. Husemwa kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi, na kwamba muziki, ukiwa umewekwa ndani ya somo la Sanaa na Michezo katika mtaala ulioanza kutekelezwa mwaka 2024, humezwa na mpira. Hofu hii ina ukweli, nami siidharau. Lakini tusingoje mtihani utufundishe wajibu. Shule nyingi zina mchakamchaka alfajiri: watoto mamia wanakimbia kwa hatua moja, kiongozi anatoa, wengine wanaitikia. Tayari hilo ni somo la muziki linalofanyika bila mwalimu. Akiwapo mwalimu wa kubadilisha nyimbo, kupokezana viongozi ili kila mtoto atangulie siku yake, na kusahihisha mapigo yanayokimbilia mbele, shule itakuwa imepata kipindi cha muziki kila siku bila kugusa ratiba.

Kisingizio cha nne huzungumzwa kwa sauti ya chini, nacho ni dini. Walimu wengi wa nyimbo wamelelewa katika kwaya za makanisa, na wimbo wa karibu zaidi ulimini mwao ni wa kanisani. Darasani mna watoto wa imani mbalimbali. Mzazi anayemkataza mwanawe kuimba wimbo wa dini isiyo yake hana ukaidi, ana haki. Wako pia wazazi wasiopenda ala fulani, ilhali watoto wao wanaimba kaswida kwa ufasaha unaowashinda wengi wetu. Mwalimu mwenye busara atachagua nyimbo za kazi, za michezo, za nchi na za hekima, na atawapokea watoto wote kwa ujuzi waliokuja nao kutoka nyumbani. Shule ya umma si mahali pa kumwingiza mtoto katika kwaya ya dini yoyote kwa mlango wa nyuma.

6. Wajibu wa vyuo vya ualimu

Yote niliyoyasema yanarudi kwetu wakufunzi. Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kimelea wasanii wengi. Lakini taasisi ya wasanii haiwezi kuijaza kila shule ya msingi mwalimu wa muziki. Kazi hiyo ni ya vyuo vya ualimu, na haifanywi kwa kuwafunza wanachuo kumi wenye sauti nzuri na kuwaacha mia mbili. Tukifanya hivyo, tunawatendea wanachuo wetu yale yale tunayoyalaumu shuleni.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mwanachuo, hata kama somo lake ni sayansi, asiende katika mazoezi ya kufundisha kabla hajaonyesha mbele ya mkufunzi kwamba aweza kulifundisha darasa zima wimbo mmoja: kuuanzisha kwa sauti inayowafaa watoto, kuugawa vipande, kusikiliza, kusahihisha bila kumwaibisha mtu, na kuumaliza. La pili, kila mwanachuo aendapo likizo arudi na wimbo mmoja alioupata kwa mzee wa kijiji chake, pamoja na maelezo ya nani huuimba, lini na kwa nini. Baada ya miaka michache chuo kitakuwa na hazina isiyouzwa dukani. La tatu, tunapokagua somo la muziki, tuache kusikiliza sauti zilizo nzuri tu. Tutembee hadi nyuma ya darasa, tuiname karibu na mtoto ambaye midomo yake haichezi, tuone mwalimu anamfanyia nini.

Wageni wataendelea kuja, nao wanastahili kupokewa kwa wimbo. Sina nia ya kuiondoa kwaya wala kikundi cha ngoma. Mtoto mwenye kipaji ana haki ya kukikuza, na shule ina haki ya kujivunia. Ninachodai ni kwamba kwaya iwe kilele cha mlima ambao mwili wake ni shule nzima. Mwalimu mkuu atakayemkaribisha mgeni wake kwa wimbo unaoimbwa na watoto wote mia saba, wenye sauti za dhahabu na wenye sauti za kawaida, kila mmoja akijua sehemu yake, atakuwa amemwonyesha mgeni huyo kitu ambacho watoto thelathini waliochaguliwa hawawezi kukionyesha: kwamba katika shule hii watoto wanafundishwa.